Mzigo Ukipakiwa Ovyo, Siku Yote Imeharibika

Watu wakiona gari la vifurushi limesimama mlangoni kwao, milango ya nyuma wazi, dereva na tanboi, msaidizi wake, wameinama ndani wanasukuma maboksi huku na huku, wanafikiri mzigo wao umepotea. Haujapotea. Uko, tena tumeuona asubuhi kwa macho yetu ukiingia. Sema saa hii uko chini ya friji, nyuma ya magodoro, umebanwa na bando la mabati, alafu stika yake imeangalia ukutani. Kuutoa hapo ni kushusha nusu ya gari, juani, kando ya barabara, mteja amesimama ameshika kiuno na nyuma yako tuktuk inapiga honi.

Hiyo ndo nataka tuizungumze leo, na nitaizungumza kwa urefu, manake nimewaona madereva wazuri wakiacha hii kazi kabla hawajaijua. Ukiwauliza kwa nini wanakwambia foleni, wanakwambia jua, wanakwambia wateja wasumbufu, lakini kaa nao mkinywa kahawa uwaulize taratibu, utasikia jambo moja linarudi: walikuwa wanakabidhiwa gari lililojazwa bila mpango, kila asubuhi, na hakuna mtu aliyewafundisha la kufanya. Msimamo wangu ni kwamba siku ya dereva wa vifurushi inaamuliwa godauni. Gari likitoka limepangwa, hata foleni ya Kongowea hapa Mombasa utaivumilia. Likitoka limevurugwa, hata barabara iwe nyeupe utarudi usiku na mizigo ya watu bado iko ndani.

Kwanza tuelewane mzigo unavurugikaje, sababu wengi wanakimbilia kuwalaumu makuli na mimi hilo silikubali. Lori la usiku linatoka Nairobi, karibu kilomita 480, linafika huku alfajiri. Kule limejazwa kwa mpangilio wa vile vitu vilivyoingia ofisini siku ile, na kikubwa kimewekwa popote kilipoenea. Likifika Shimanzi, kwenye magodauni, linashushwa mbio mbio manake linatakiwa lijazwe tena lirudi. Wapakizi wengi wanalipwa kwa lori, hawalipwi kwa saa, kwa hivyo dakika ya kupanga ni dakika inayotoka mfukoni mwao. Karatasi ya mizigo nayo inatoka kwa kompyuta ikiwa imepangwa kwa namba za weibili, ile hati ya kusafirishia kila mzigo, na namba ya weibili haijui Kisauni iko wapi, kwa hivyo wa kwanza utakuta ni Mikindani, wa pili Shanzu, wa tatu Likoni, wa nne Mikindani tena, nyumba ya pili kutoka yule wa kwanza. Alafu gari likishajaa anatokea mtu wa ofisini na boksi kwapani, "weka na hii", na hii inatupwa mlangoni hata kama inaenda mwisho wa dunia. Hakuna aliyekosa hapo peke yake, kila mmoja kamaliza kipande chake, na vipande vyote vikikusanyika vinamwangukia dereva.

Sasa ongeza Mombasa yenyewe. Huu mji ni kisiwa, na ukitaka kutoka kisiwani una milango yako: kaskazini daraja la Nyali, magharibi Makupa, kusini feri ya Likoni. Mwenye kazi ya namna hii katika mji wa bara akiruka mteja anazunguka mtaa anarudi. Hapa ukiruka mteja wa Likoni, ukishavuka ukarudi kisiwani ndo ukagundua boksi lake lilikuwa limejificha nyuma, hiyo si kuzunguka mtaa, hiyo ni kupanga foleni upya, kulipa upya, na kama ni jioni basi jitayarishe kukaa, manake ile feri inavusha watu laki kadhaa kwa siku na jioni wote wanarudi nyumbani upande ule ule unaotaka wewe. Siku hizi kuna njia ya Dongo Kundu, unapitia Miritini, unavuka Mwache na lile daraja refu la Mteza, unatokea barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, na imetusaidia sana wenye magari mazito, lakini ni mzunguko wa mafuta na hauufanyi kwa sababu ya boksi moja la viatu.

Na majina ya mitaa yetu! Hili nalisemea wanaopakia na wanaoandika stika. Majengo iko kisiwani, Majengo Mapya iko Likoni. Mtu wa ofisi akiandika "Majengo" akaishia hapo, boksi linaingia fungu la kisiwani, na ukimpigia mteja anakwambia "mimi niko ng'ambo kaka". Kuna Mwembe Tayari, kuna Mwembe Kuku, kuna Mwembe Tanganyika, na stika imeandikwa "Mwembe" tu sababu nafasi imeisha. Mtongwe na Mtopanga kwa mwandiko wa haraka ni kitu kimoja, na moja iko kusini moja kaskazini. Anwani ya nyumba ya mtu wa kawaida huku haina namba, tunaelekezana kwa msikiti, kwa duka la Mpemba, kwa steji, kwa mti, na sanduku la posta halikuonyeshi mlango wa mtu. Kwa hivyo stika peke yake haikupangii mzigo. Simu ndo inakupangia, na simu inapigwa kabla ya kupakia, si ukishafika.

Basi nieleze vile tunavyofanya, mimi na tanboi wangu, siku ambayo tunapewa nafasi ya kufanya.

Karatasi ikitoka naichukua, nakaa juu ya kreti, naiandika upya kwa mkono. Siangalii namba za weibili kabisa. Nagawa mafungu: Nyali mpaka Shanzu fungu moja, Kisauni na Mshomoroni na Bombolulu lingine, kisiwani, Changamwe na Jomvu na Miritini, Likoni na Mtongwe. Yale majina yenye utata nayapigia simu hapo hapo, nikiwa na kalamu mkononi. Alafu naamua nani wa kwanza nani wa mwisho kufuatana na vile mji unavyopumua. Asubuhi watu wanakuja kisiwani, kutoka Likoni, kutoka Kisauni, kutoka Changamwe, kwa hivyo wewe nenda kinyume chao. Toka kisiwani mapema, ng'ambo ya pili umalize saa nne saa tano, ndo urudi kisiwani maduka yakiwa yamefunguka na jam ya asubuhi imelegea. Ijumaa ni hesabu nyingine: Mji wa Kale na Biashara Street unataka uwe umezimaliza kabla ya saa sita, manake wakati wa swala maduka yanafungwa na wenyewe wako msikitini, na wewe pia labda una swala yako. Ramadhani nayo mchana watu wamechoka, wamelala, simu hazipokelewi, na ikikaribia magharibi hakuna atakayekufungulia. Ukiyajua haya unajua nani awe mlangoni na nani awe kichwani, na kichwani namaanisha kule mbele karibu na kebini.

Kanuni yenyewe kila mtu anaijua: wa mwisho kushuka ndo wa kwanza kupanda. Kuijua si shida, shida ni kwamba mtu anayepakia hana habari nani wa mwisho. Kwa hivyo tanboi anachukua mak peni nene anaandika namba ya kituo kwenye boksi, kubwa, pande mbili, moja ubavuni na moja upande utakaoangalia mlango. Nasisitiza mak peni manake zile stika za printa ya joto hazina uaminifu, zikikaa juani maandishi yanafifia, zikikaa ndani ya bodi ya gari yenye joto karatasi inakuwa nyeusi, na unyevu wa pwani unazibandua pembe moja moja mpaka zinaanguka sakafuni. Umewahi kushika stika mkononi na hujui ilitoka boksi gani? Hapo ndo utajua thamani ya namba iliyoandikwa kwa wino.

Kuna mzee mmoja hamali, wa siku nyingi, mikono yake imekuwa migumu kwa kamba. Nilipoanza kuleta karatasi yangu ya mkono pale godauni vijana walininunia, waliona nawachelewesha. Yeye akaja akasimama karibu yangu, akaniuliza, "Mwanangu, hebu niambie hasa, wataka nini?" Nikamwambia, "Mzee, nataka Likoni iende kichwani, Nyali ije mlangoni, na vidogo vidogo vikae ndani ya magunia kila mtaa na gunia lake." Akaiangalia karatasi, akauliza, "Na friji?" Nikamwambia ya Bamburi. Akatikisa kichwa, akasema friji ikienda mlangoni itaziba kila kitu, ikae ubavu wa kulia, ifungwe, na mbele yake pasiwekwe kitu. Akageuka akawapigia vijana kelele, na tangu siku hiyo akiwepo yeye mzigo wangu unapanda vizuri. Alichotaka ni kuulizwa. Mtu amebeba mizigo maisha yake yote, anajua uzito wa boksi kabla hajalinyanyua, na miaka yote hiyo hakuna dereva wala supavaiza aliyesimama naye akamwambia gari linaelekea wapi.

Na hili linanikera kwa sababu mji wetu huu umezaliwa kwa kupakia na kupakua. Wazee wa majahazi pale Bandari ya Kale walijua mzigo mzito unakaa ngamani, walijua chombo kisipokuwa na shehena ya kutosha kinatiwa farumi ili kisipinduke, na nahodha alijua kila gunia liko wapi. Nenda Kilindini leo, meli ya makontena haipakiwi hata kontena moja bila mpango, kila kontena lina nafasi yake kwenye karatasi, mazito chini, na la bandari ya kwanza haliwekwi chini ya lile la bandari ya mwisho manake hakuna mtu atakayekubali kunyanyua makontena kumi kutafuta moja. Kilomita mbili kutoka hapo, Canter, lori dogo la vifurushi, inajazwa kwa kutupa. Ujuzi tunao, uko hapa hapa, tumeamua tu kwamba kifurushi cha mama wa Kiembeni hakistahili.

Ndani ya bodi mimi naacha kijia katikati, hata kiwe chembamba cha kupita mtu ubavu. Wenye ofisi wakiona kijia wanaona nafasi inapotea, wanataka ijazwe. Hicho kijia ndo kinaniwezesha kufika kichwani bila kushusha kitu, na hakuna nafasi yenye faida kubwa kuliko hiyo ndani ya gari. Mazito yanakaa chini na yanaelekea mbele, yamegawanywa kulia na kushoto, usirundike uzito wote nyuma ya magurudumu ya nyuma kwa sababu mbele inakuwa nyepesi na usukani hauushiki vizuri, utaisikia ukikata kona. Rangi, mafuta, sabuni za maji, chochote kinachomwagika, chini na wima, na kisikae juu ya nguo za watu. Mabati yanalala ubavuni na ncha zake zinafunikwa na kadibodi manake zinakata maboksi kama wembe. Friji inasafiri wima. Kama ilibidi ilazwe basi mwambie mteja aiache imesimama masaa kadhaa kabla hajaiwasha, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake, usimfiche, maana ikiharibika kesho atakutafuta wewe. Kufunga kamba nako watu wanapuuza. Pita matuta ya Kisauni na mzigo ambao haujafungwa alafu fungua mlango uone.

Na mlango wenyewe ufungue na akili. Fungua upande mmoja, kidogo, weka bega, sikiliza. Mzigo uliohama njiani unakuwa umeegemea mlango na unakungoja wewe. Nimeona tanboi kijana akifungua milango yote miwili kwa mpigo na jiko la gesi likamshukia kwenye mguu, akakaa nyumbani bila malipo mpaka mguu ulipopona. Mwajiri wake alisema hakuwa makini. Umakini gani? Lile jiko liliwekwa juu ya magodoro na watu waliokuwa washalala usingizi wao sisi tukiwa barabarani.

Sasa kuna siku hupewi nafasi ya kupanga, na hizo ndo nyingi. Unafika gari limeshajazwa, milango imefungwa, supavaiza anakupa funguo na karatasi, "twende twende". Ushauri wangu kwa hapo ni usitoke ukaanza kutafuta mteja wa kwanza. Chagua sehemu moja ya karibu yenye kivuli na nafasi, ambapo mwenyewe anakujua, uani kwa duka la jumla unalolipelekea mizigo au nyuma ya sheli, ombeni ruhusa, shusheni ile sehemu ya mlangoni yote, pangeni upya mara moja kwa mpigo. Usifanyie Digo Road, usifanyie Moi Avenue, hapo kuna pakingi ya kulipia, kuna wapita njia, kuna mikono mirefu. Nusu saa hiyo inauma, simu zinaanza kuita, ofisi wanaona kwenye GPS gari limesimama wanapiga wanauliza kuna nini, waambie ukweli, tunapanga mzigo. Dereva mpya anaogopa kusimama, anadhani kwenda ndo kufanya kazi, kwa hivyo anachimba kidogo kwa mteja wa kwanza, anachimba kidogo kwa wa pili, na kila akichimba anavuruga zaidi manake vile vya juu anavirudisha ovyo, ikifika saa nane gari ni baya kuliko lilivyotoka godauni. Kama hata nusu saa huna, basi wakati tanboi anapeleka kifurushi mlangoni wewe ingia nyuma, geuza stika zitazame mlango, soma namba, tafuta vile vitatu vinavyofuata uvisogeze. Vitatu tu. Kila kituo vitatu, na mchana utashangaa gari limekaa sawa.

Mji wa Kale unataka maneno yake peke yake. Canter haiingii zile njia, na hata ikiingia haitoki. Tunaegesha karibu na Fort Jesus, tanboi anabeba gunia la Mji wa Kale begani, mimi nabaki na gari au tunabadilishana. Ndo maana gunia lile lazima liwe tayari asubuhi, limefungwa, halihusiani na kitu kingine chochote, na likae ukingoni kabisa mwa mlango. Ndani ya gunia vifurushi vimefuatana kwa njia ya mguu: unaanzia wapi, unapinda wapi, unatokea wapi. Kuna bibi mmoja anakaa ghorofani, magoti hayamsaidii ngazi. Ukibisha hodi anachungulia dirishani, "Karibu mwanangu, ngoja," na kikapu kinashuka kwa kamba taratibu, ndani mna pesa kamili zimekunjwa ndani ya kitambaa, hapendi mambo ya simu. Unaweka dawa zake za kutoka Nairobi, unasema "Tayari bibi," kikapu kinapanda. Hiyo kazi inachukua dakika mbili ikiwa kifurushi kiko juu ya gunia. Lakini siku moja gunia lilikuwa limemwagwa godauni vifurushi vikachanganywa na vya Nyali, tukarudi garini kuvitafuta mara mbili na jua lile la saa saba, na bibi akawa amekaa dirishani muda wote, kikapu kinaning'inia chini kitupu. Hakulalamika hata neno. Mimi ndo nililalamika, godauni, jioni, kwa sauti, na sijuti.

Kwa sababu hapo ndo watu wa kompyuta hawafiki. Kwao kifurushi kilichochelewa ni mstari mwekundu kwenye skrini. Kuna fundi pale Magongo anangoja spea ya mashine ya kushona na ana nguo za harusi za kumaliza. Kuna mama anauza vitenge kwa WhatsApp, ashalipwa na mteja wake, na sisi tukichelewa yeye ndo anaonekana tapeli. Nikikumbuka hao siwezi kusema "mzigo utapatikana kesho" nikalala vizuri.

Mvua nayo. Masika ikianza, kuanzia mwezi wa nne hivi, barabara za ndani za Kisauni na Bamburi zinageuka madimbwi, na boksi la kadibodi likilowa chini halina nguvu tena, ukilinyanyua kitako kinabaki sakafuni. Tunaweka palati chini, za mbao, hata zile kuukuu, ili maboksi yasiguse sakafu, na turubai linakaa mlangoni limekunjwa tayari. Ukiwa na gari lililopangwa unafungua, unatoa, unafunga. Ukiwa na gari lililovurugwa mlango unabaki wazi dakika kumi kila kituo na mvua inaingia yote, kwa hivyo hasara ya kupakia ovyo wakati wa masika inakuwa mara mbili.

Kitu kingine kinachosahaulika ni marudio. Mteja hayupo, simu imezimwa, au amefungua boksi kumbe viatu ni namba ndogo, amekataa. Hicho kifurushi kikirudi garini watu wanakitupa popote, na kuanzia hapo kinajichanganya na vile ambavyo havijapelekwa, unakisoma mara nne nne ukidhani ni kipya. Marudio yawe na kona yao, ile kona iliyobaki tupu kwa kuwa umeshusha wa kwanza, na yachorwe msalaba mkubwa. Jioni godauni yashushwe yote, yaskaniwe, gari lifagiliwe, libaki tupu kabisa. Bodi ikilala na mzigo wa leo ndani, wapakizi wa alfajiri watajaza wa kesho juu yake, na yule mteja ambaye leo hakuwepo kesho atakuwa chini kabisa, kichwani, hafikiki.

Nikirudi kwa wenye kampuni, mimi sitaki mashine wala programu mpya. Nataka muda wa kupanga uwe ni kazi na ulipwe kama kazi. Makuli walipwe kitu juu kidogo kwa gari lililopangwa kwa mafungu, maana sasa hivi mnawalipa kwa haraka na haraka ndo mnayopata. Karatasi itoke kwa mitaa. Atoke mtu mmoja achore chaki sakafuni pale godauni, mistari tu, hapa Nyali, hapa Likoni, hapa Changamwe, ili lori la usiku likishushwa kila kitu kiende kwenye mstari wake kabla hakijagusa Canter. Hesabuni mafuta ya kuvuka feri mara ya pili, hesabuni boksi lililovunjika, hesabuni mgongo wa tanboi anayenyanyua kitu kimoja mara tano kwa siku wakati kilitakiwa kunyanyuliwa mara mbili, kupanda na kushuka. Dereva anayetoka saa moja na nusu na gari lililopangwa anawahi kurudi kuliko anayetoka saa moja kamili na gari lililojazwa ovyo. Hili halihitaji mtaalamu, muulizeni dereva yeyote.

Mahali nilipo sasa tumefika nusu. Chaki ipo, vijana wenyewe wanaichora upya ikifutika, na yule mzee siku hizi ndo anayeitisha karatasi yangu kabla sijamaliza kuiandika. Karatasi bado inatoka kwa namba za weibili. Malipo ya kupanga bado ni maneno. Desemba ndo inakuja, mizigo inakuwa maradufu, wageni wanashuka pwani, kila mtu anatumiwa kitu, na mwaka huu nimeomba kwa maandishi vitu viwili: wapakizi wawili zaidi wa alfajiri, na gari dogo la peke yake kwa Likoni, lilale ng'ambo kule kule, asubuhi tulivushie mzigo wake mara moja. Barua ameipokea meneja mwenyewe, akaisoma mbele yangu, akaniuliza hilo gari la Likoni litalala wapi. Nimempa jina la uwanja wenye mlinzi, na bei yake ya mwezi.